Ndege Iliyoisahau Nachingwea

Miaka ile ya tisini, injini ya mashine ya kusaga ikigoma popote kati ya Mbwemkuru na Nachingwea, watu hawakuulizana fundi ni nani. Walipanda baiskeli wakanifuata mimi. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Narung'ombe, nikaacha kwa sababu baba alifariki na shamba halijilimi lenyewe. Vyote nilivyokuja kuwa navyo nilivipata kwa mikono hii. Nilianza na baiskeli ya kubebea korosho kutoka Matambarale, nikapata mashine ya kusaga, nikapata ya pili, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na soko la Ruangwa, duka mbele, jenereta nyuma. Sikusaidiwa na mtu. Wapo waliosoma mpaka wakachoka, na hao hao walikuja kwangu kunywa soda ya baridi, kwa sababu baridi ilikuwa kwangu tu.

Nayaandika haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mtu asipoyajua hataelewa nilichomfanyia mke wangu.

Mke wangu alikuwa mtoto wa Nachingwea. Baba yake alikuwa kibarua wa uwanja wa ndege, kazi yake kufyeka nyasi na kufukuza mbuzi ndege inapotaka kutua. Nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja kiasi kwamba ndege ikiwasha injini, vifuniko vya sufuria vilikuwa vinatetemeka. Nilimkuta huko siku nilipoitwa kutengeneza pampu ya maji. Alikuwa na sinia la karanga za kuchemsha, na kindege kimoja cha wamisheni kilikuwa kinanguruma kwenye uwanja. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia maneno.

"Dada, hiyo nitakupandisha."

"Wewe? Na hayo mafuta machafu mpaka kwenye masikio?"

"Mafuta ndiyo yanayorusha ndege."

"Basi nunua karanga kwanza, rubani. Tuone kama mfukoni kuna kitu."

Nikanunua sinia zima. Nilikula karanga siku tatu.

Tulipokwisha kuzoeana aliniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. Alisema, "Zikiruka zinapita juu ya ile miti, halafu basi. Baba amezifyekea nyasi tangu sijazaliwa na hajui zinaona nini mbele. Mimi nataka nifike tu huko zinakofika, nione, nirudi." Huko kulikuwa Dar es Salaam. Nilimwahidi. Nilimwahidi na mbele ya baba yake siku ya kupeleka posa, tena kwa sauti, mashangazi wakapiga vigelegele.

Tulioana nikamhamishia Ruangwa. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zangu walinishauri nioe mwingine, nikawatimua barazani kwangu, na hilo nalo nikawa najisifia mbele za watu, kana kwamba mke wangu hakuwa chumba cha pili anasikia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mvua ziliharibu barabara, mabasi ya Dar yakawa yanakwama siku nyingi upande wa Rufiji. Nilikuwa na vipuri vya kufuata. Nikaenda Mtwara nikakata tiketi ya ndege. Nilikata tiketi moja. Nilijiambia hii ni safari ya kazi, yake itakuja. Alinifungia maandazi kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka kituoni. Niliporudi sikukitoa kile kikaratasi wanachokifunga kwenye mkoba wa abiria wa ndege. Nikautundika mkoba ukutani dukani, kikaratasi kinaning'inia, ili kila anayekuja kununua sabuni akione. Aliyekuwa anaupangusa vumbi ni mke wangu. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukiwa juu, Mto Mbwemkuru unaonekana?"

"Unaonekana vizuri sana."

Kwa kweli nilifumba macho tangu magurudumu yalipoacha ardhi mpaka yalipogusa tena. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Haukupita muda mrefu moyo wake ukaanza kumsumbua. Akipanda mlima mdogo wa kwenda kisimani anasimama mara tatu, jioni miguu imevimba. Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema moyo umetanuka. Akakataza jembe, akakataza ndoo ya maji, akakataza safari za barabara mbaya. Nikamuuliza, "Na ndege, daktari? Uwezo ninao." Akatikisa kichwa. Akasema kwa moyo ule, kule juu hapana. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi anafunga kanga yake upya. Hakuinua uso.

Huyu alikuwa mwanamke aliyelima tangu utoto, na sasa aliambiwa akae. Alikaa barazani siku nne, ya tano nikamkuta anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Ndipo nikaikumbuka kompyuta.

Kompyuta ilikuwa ya dukani, imetumika, nimeinunua Kariakoo ili watu wachapiwe barua zao. Muuzaji alikuwa ametia ndani yake mchezo wa kurusha ndege, na juu yake akanipa kijiti cha kushika mkononi, kama usukani. Alisema, "Bosi, hili si gemu, hii ni simuleta. Marubani wenyewe wanajifunzia humu. Viwanja vya dunia nzima vimo." Nikamuuliza kwa kumkejeli kama na Nachingwea imo. Akaandika, akabonyeza, nikaona kwa macho yangu. Imo. Wakati ule nilicheka nikasahau.

Nikaihamishia kompyuta sebuleni, karibu na dirisha. Nilimwonyesha mke wangu yale niliyoonyeshwa Kariakoo, na kufikia siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa ananionyesha mimi. Uwanja wa Nachingwea ulikuwa mstari wa kijivu katikati ya kijani kitupu. Nyumba ya baba yake haikuwepo, miti haikuwepo, Ruangwa nzima haikuwepo.

"Wamesahau mbuzi," alisema, akacheka mpaka ikabidi ashike kifua.

Siku ya kwanza aliporuka mwenyewe, kile kindege cha pangaboi moja kikanyanyuka juu ya ile kijani, akaniambia bila kugeuka, "Mume wangu, naenda Dar."

Nieleze hesabu ilivyokuwa, maana ndiyo iliyotuua. Jenereta nilikuwa nawasha saa tisa alasiri na kuzima saa kumi na mbili jioni. Katika saa hizo tatu, yeye aliweza kukaa kitini saa moja na nusu, halafu miguu inajaa na inabidi alale. Kwa kindege kile, Nachingwea mpaka Dar ni zaidi ya saa mbili. Lakini muuzaji alikuwa amenionyesha kwamba ukifika njiani unaweza kuhifadhi safari, ukaiendeleza kesho pale pale ulipoishia. Kwa hiyo siku mbili, au tatu kwa kujivuta, angefika. Hicho ndicho alichokitaka, na safari hii hakuna daktari aliyekikataza.

Basi jioni ya kwanza akahifadhi, akaiacha ndege imesimama hewani kwenye kioo, akaenda kulala. Kesho yake nikawasha, na ndege ilikuwa mahali pengine kabisa. Ilikuwa uwanja wa ugenini, kando ya ziwa, na maghorofa marefu nyuma yake. Kijiti nacho kilikuwa kimesahau mkono wake, kinavutia kushoto. Sauti imepanda mpaka mwisho. Nachingwea haipo, safari haipo.

"Imesahau," alisema.

"Itakumbuka. Mimi nipo."

Akaanza upya. Kutafuta Nachingwea, kuchagua kile kindege, kukinyoosha kijiti, kupunguza sauti, hiyo yote ilimla zaidi ya nusu saa, kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kiingereza na yeye alikwenda kwa kukumbuka picha. Akaruka, akafika karibu na Mbwemkuru, nguvu zikamwishia. Akahifadhi. Kesho yake, ziwa na maghorofa. Kesho kutwa, ziwa na maghorofa.

Sasa nifike kwenye Kiingereza. Kariakoo niliokota maneno matano sita, nikawa nayatupa dukani kwa wateja, watu wakaamini ninakijua. Sikuwakatalia. Mtu alikuja na mfuko wa mbolea nimsomee, nikamsomea, nikatunga yote kuanzia juu mpaka chini, na mahindi yake yakaota vizuri tu. Mke wangu naye nilimwacha aamini hivyo hivyo.

Na kila alasiri, nikiwasha ile kompyuta, kabla ya kitu chochote kilikuwa kinatokea kioo cha bluu kimejaa maandishi meupe, na chini yake swali. Siku ya kwanza aliniuliza linasemaje.

"Inasalimia."

"Inasalimia?"

"Mashine za nje zina adabu, mama. Haziwezi kuanza kazi bila salamu. Ukibonyeza hapa, ndiyo umeitikia."

Nikabonyeza. Nikawa nabonyeza kila siku. Yeye alikuwa anakaa nyuma yangu na mto wake mgongoni, akisema, "Haya, tumeitikia. Sasa itupe ndege yetu."

Nilianza matengenezo. Kwanza niliona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, nikajua hapo pana betri. Nilifungua boksi, nikaikuta, kidude cha mviringo kama cha saa ya mkononi. Nikaenda Nachingwea kwa fundi saa, nikarudi na mpya. Saa ikashika. Nilipiga mluzi siku nzima, nikamwambia kila aliyeingia dukani. Alasiri, ziwa na maghorofa.

Nikasema ni kijiti. Nikakifungua, nikaosha ndani kwa petroli, springi moja ikaruka ikapotea. Mke wangu aliyeambiwa asiiname alipiga magoti siku mbili akipapasa chini ya mkeka, akaipata. Nikafunga. Kijiti kikawa laini kuliko kilipotoka kiwandani, nasema bila kujigamba. Lakini Nachingwea haikukaa.

Nikachomoa vipande vya ndani ya kompyuta nikavisugua kwa kifutio cha penseli. Nikachukua ile sahani ya CD niliyopewa Kariakoo nikauingiza mchezo wote upya, kazi ya alasiri nzima, na alasiri ile hakuruka kabisa. Alikaa tu kwenye kiti akiangalia mstari wa kwenye kioo unavyojaa kidogo kidogo.

Siku moja mwalimu wa sekondari alikuja kutoa nakala ya mitihani, akachungulia sebuleni, akasema anaweza kutazama. Nikamwambia, "Mwalimu, hii si chaki." Watu waliokuwepo wakacheka. Naye akacheka, akachukua nakala zake akaondoka.

Jioni mke wangu alisema, "Ungemwacha atazame."

"Anajua nini yule kuhusu umeme?"

"Labda si umeme. Labda ni yale maneno ya mwanzo."

"Maneno nilishakuambia."

Akakunja upindo wa kanga yake, halafu akaukunjua.

Miezi mitatu ilikwenda hivyo. Sikuihisi mimi, maana nilikuwa kazini, na fundi akiwa kazini haoni siku. Lakini mwili wake ulikuwa unahesabu. Ile saa moja na nusu ikawa saa moja. Saa moja ikawa dakika arobaini. Ikafika mahali ambapo muda wa kuipanga upya ndege ulikuwa ndio muda wake wote. Anafika Nachingwea, ananyoosha kijiti, anaiweka ndege mwanzo wa uwanja, inalia, na yeye anasema, "Basi kwa leo," anaomba nimsaidie kwenda kulala.

Nikaapa. Nikasema ni umeme wa jenereta, haujatulia, unaitia kompyuta wazimu. Dawa yake ni stabilaiza. Nikapanda basi kwenda Mtwara kuifuata, nikamwachia jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, amwangalie mgonjwa na awashe jenereta kwa saa zake. Na Sista wa zahanati ya parokia, aliyekuwa anakuja na pikipiki yake kila wiki kumpima moyo na miguu, ingawa sisi ni Waislamu, naye alikuwa apite.

Nilirudi siku ya tatu na stabilaiza begani, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Nikaiunga. Nikawasha kompyuta. Salamu haikutokea. Ikapitiliza moja kwa moja. Nikafungua mchezo, na ndege ilikuwa hewani, juu ya kijani, mahali alipoiacha jana yake. Kijiti kimenyooka. Sauti ya chini, kama anavyoipenda.

Nilipiga kelele mpaka dukani wakadhani mgonjwa amekufa. Wakajaa sebuleni. Nikawaeleza stabilaiza, nikawaeleza volti, nikawaeleza na wasioniuliza. "Nani alisema aitwe mwalimu? Nani?" Mke wangu alikuwa kitini, anapiga makofi polepole.

"Hongera, fundi wangu," alisema. Akawageukia wale watu. "Amehangaika miezi mitatu huyu. Hakulala."

Tangu siku ile haikusahau tena. Nikagundua na jambo jingine: jioni nikienda kukata umeme, kompyuta nilikuwa naikuta imekwisha kuzimika yenyewe. Nikawaambia watu stabilaiza ya kisasa ndivyo ilivyo, inajua saa za kuzima. Wawili wakaniagiza niwaletee ya kwao.

Nieleze na habari ya kukata umeme. Sisi wenye majenereta tuna utaratibu wetu. Jenereta inapozimwa hukohoa mwishoni, umeme unapanda ghafla unashuka, na friji inaungua. Kwa hiyo unakata kwanza swichi kuu ya ukutani, nyumba yote inakufa mara moja, kisha ndiyo unazima injini. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo wengi wa Ruangwa. Saa kumi na mbili, adhana ikikaribia, nilikuwa nakata. Siulizi nani anafanya nini ndani.

Wiki ile alivuka Mbwemkuru. Nilikuwa dukani nabishana na mteja, nikasikia ananiita. Nilipoingia nilimkuta ameisimamisha ndege hewani, mkono hauko kwenye kijiti, ananisubiri. Chini kulikuwa na mstari wa bluu uliojipindapinda.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe."

"Ndivyo ulivyouona?"

"Hivyo hivyo."

Akautazama. Mimi nikarudi kwa mteja wangu.

Baada ya hapo alikwenda kwa dakika ishirini, mara nyingine kumi. Safari iliyobaki, ya saa moja na kitu, aliigawa wiki na wiki. Alivuka Rufiji, akaniambia ni mto mpana na una visiwa. Siku moja akasema upande wa kulia kumetokea maji yasiyo na mwisho, kwa hiyo sasa si mbali. Kesho yake hakuweza kukaa. Nikamwambia apumzike, ndege itasubiri, kazi ya stabilaiza ni hiyo. Akasema, "Najua itasubiri." Siku iliyofuata, asubuhi, nilimpelekea uji, nikaukuta mwili wake umepoa.

Tulimzika siku ile ile. Nilisimamia kila kitu. Sikulia mbele ya watu.

Baba yake alikuja kutoka Nachingwea, mzee aliyefyeka nyasi, akakaa nasi kwenye msiba. Matanga yalipoisha, alasiri watu walipopungua, aliniuliza.

"Alinitumia salamu kwamba anarusha ndege. Kwamba anakwenda Dar. Alifika?"

"Bado kidogo, baba. Twende ukaone."

Nikawasha jenereta, nikawasha kompyuta, nikaifungua safari yake. Kijani kushoto, maji kulia, mbele kabisa ukungu wa kijivu. Mzee alivuta kiti, akakaa pale alipokuwa anakaa binti yake. Hakuuliza vinafanyaje kazi. Alitazama muda mrefu, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo ndivyo panavyokuwa," alisema. Kisha, "Niache hapa kidogo."

Nilimwacha. Nikaenda nyuma kwenye jenereta nikakaa juu ya dumu. Adhana ya magharibi ilipokaribia nikamwita mzee tukatawadhe, akatoka. Nami nikanyoosha mkono, nikakata swichi kuu, nikazima injini. Sikuwaza lolote. Mkono ulikuwa umezoea.

Kesho yake mzee aliomba aione mara moja tena kabla ya basi. Nikawasha. Kikatokea kile kioo cha bluu. Nilikuwa sijakiona tangu niliporudi kutoka Mtwara. Mzee akauliza ni nini.

"Inasalimia," nikasema, nikabonyeza.

Ziwa na maghorofa.

Nilitafuta kila mahali nilipojua kutafuta. Nikagonga boksi kwa kiganja. Nikakagua stabilaiza, taa yake inawaka kijani. Mzee alisubiri, akasubiri, honi ya basi ikalia, akanishika bega akaenda zake.

Sista alipopita wiki ile kunipa pole, nilimwingiza sebuleni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimejiapiza kwamba mimi siulizi mtu. Nilipomwona nikauliza. Siku ya jana yake nilikuwa nimekata umeme vile vile, kwa hiyo nilipowasha, kioo cha bluu kikaja.

"Sista, nisomee hapa."

Alinitazama kwanza mimi, halafu kioo.

"Inasema mara ya mwisho haikufungwa vizuri, umeme ulikatwa wakati inafanya kazi. Inasema ukitaka usiione tena hii, uwe unaifunga kwanza kwa utaratibu. Na huku chini inauliza, kuna faili limeharibika, ilifute?"

"Na ukibonyeza hapa?"

"Hapo inafuta, mzee."

Kidole changu kilikuwa hewani juu ya kibodi. Nilikirudisha.

"Mama hakukwambia?" Sista alisema. "Aliniita nimsomee ulipokuwa Mtwara. Tukajaribu siku ile ile, tukaifunga vizuri, tukawasha tena, ndege ikawa palepale. Alifurahi! Nikamwambia, mzee akirudi mwambie, ni jambo dogo."

"Akasemaje?"

Sista alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mkoba wake wa dawa, akaushika tu mkononi.

"Akasema, 'Mwache, Sista. Anakuja na stabilaiza yake. Nitakuwa naifunga mwenyewe kabla hajakata.'"

Kwa hiyo kila jioni, na ile miguu, na kile kifua, alikuwa ananyanyuka kitandani kabla ya saa kumi na mbili, anakwenda mpaka kwenye kompyuta, anaifunga, anarudi kulala. Mimi nikija naikuta imezimika, nakwenda kuwasifia watu stabilaiza. Na ile miezi mitatu ya mwanzo, alipokuwa bado na saa moja na nusu yake nzima, aliyekuwa anafuta Nachingwea kila siku ni mimi, kwa kidole changu, naitikia salamu. Angefika Dar katika wiki ya kwanza. Angefika na kurudi.

Ruangwa mpaka leo wapo wanaonisifia kwa kazi ile. Sikuwahi kuwasahihisha, na hii ndiyo mara ya kwanza.

Nilimwomba Sista anifundishe kuifunga. Akanisogezea kipanya. Akasema bonyeza hapa, nikabonyeza. Sasa hapa. Nikabonyeza. Sasa subiri. Nikasubiri. Mashine ikakwaruza ndani kidogo, ikaandika kitu, kioo kikawa cheusi, ikazimika yenyewe. Hata kamba za kiatu huchukua muda zaidi kufunga.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee."